Mwalimu Winifred Mukunde, Aliyetaka Watoto Wasome Wasichofundishwa (1939–1993)

Ndugu, majirani wa Gatsata, walimu na wazazi wa Shule ya Msingi Rwamusizi, na ninyi watoto mliokaa pale mbele: Mwalimu Winifred Mukunde alipokuwa akiwasomea wazazi taarifa ya shule, alianza na mabaya. Mazuri aliyaweka mwisho, na siku nyingine aliyasahau kabisa. Aliagiza wasifu wake ufuate desturi hiyo hiyo, na mdogo wake Rutayisire, aliyeuandika na anayeusoma leo Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, hana ubavu wa kumpinga hata sasa.

Basi mabaya kwanza. Marehemu alikuwa mbishi. Alikuwa hapiki chakula kikalika kama mawazo yake yako shuleni, na mawazo yake yalikuwa shuleni siku zote. Mumewe Cassien amekula maharage yaliyoungua kwa miaka ishirini na tisa na bado yuko hai, Mungu ni mwema. Alikuwa akiazima kitabu harudishi. Akikuta kosa kwenye tangazo la kanisa alilisahihisha kwa kalamu nyekundu palepale mlangoni, padri akimwangalia. Na neno "labda" halikuwahi kutoka kinywani mwake. Haya, mabaya yamekwisha, na yaliyobaki ni ya familia.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1939 huko Kamachumu, upande wa Bukoba, mtoto wa kwanza wa Mzee Karemera na Mama Paskazia. Wazazi hao walitoka Rwanda kwa miguu kwenda kuchuma kahawa, wakiaga kwamba watarudi baada ya msimu mmoja tu. Msimu ukavuta msimu, akazaliwa Winifred, wakafuata wadogo zake wanne, na Mzee Karemera akaacha kusema habari za kurudi. Nyumbani walisema Kinyarwanda, kwa majirani Kihaya, shuleni Kiswahili. Winifred akikasirika alivichanganya vyote vitatu, na hapo ndipo wadogo zake walijua ni wakati wa kukimbia.

Mwaka 1947 alianza shule ya misheni palepale Kamachumu. Mama Paskazia alipenda kusimulia habari ya debe. Nyumbani hapakuwa na kitabu hata kimoja. Kulikuwa na debe la mafuta ya taa walilochotea maji, limeandikwa ubavuni maneno ambayo hakuna aliyejua maana yake. Winifred alikaa mbele ya debe hilo, mama akisubiri maji, akavuta herufi moja moja mpaka neno likatoka. Hakujua maana yake. Alipiga kelele hata hivyo, akazunguka nyumba akilitangaza, na jirani mmoja akaja mbio akidhani kuna nyoka. Rutayisire naye alifundishwa kusoma kwenye debe hilo hilo, tena kwa kuchapwa kijiti vidoleni, asante sana dada. Winifred alimaliza chuo cha ualimu Bukoba mwaka 1958 akaanza kufundisha huko Ngara.

Ngara ndiko lori la Cassien Hakizimana lilikoharibikia, mwezi wa Mei 1963, karibu na uwanja wa shule. Cassien alikuwa dereva kutoka Kigali, kijana mtanashati mwenye kofia, akisubiri kipuri ambacho hakikuwa na haraka ya kufika. Mwalimu aliwaleta watoto waone lori, akamwomba dereva awasomee maneno yaliyoandikwa mlangoni. Cassien akakuna kichwa. "Mwalimu, mimi iko dereva. Barabara haina herufi." Ikajulikana kwamba hajui kusoma hata jina lake, njia yote ya kutoka mpakani hadi Kigali ameishika kwa kichwa, kona kwa kona. Mwalimu hakumcheka. Alimletea ubao mdogo na chaki, na kila mara lori lake lilipopita Ngara baada ya hapo, lilisimama. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Julai 1964. Cassien hadi leo anasema shule aliyosoma ilikuwa na mwanafunzi mmoja na viboko vingi. Mungu akawajalia watoto watatu: Annah, Ngabo na Béatha.

Walihamia Kigali Januari 1965, na Mwalimu Winifred akapata kazi katika shule moja ya msingi Kicukiro. Wanafunzi walimcheka kwa Kinyarwanda chake chenye lafudhi ya Kihaya. Naye akacheka nao, akawaambia, "Nyinyi mnifundishe kusema, mimi nitawafundisha kuandika." Alifundisha Kicukiro kwa miaka ishirini na mitano. Huko hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba mpaka mwaka huu, akipita Kicukiro, watu wazima walizima sigara.

Septemba 1990 aliteuliwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Rwamusizi, hapa juu ya Nyabugogo. Na hapa ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, wakati wenzake wanaanza kutafuta shamba la kupumzikia.

Wiki ya pili aliingia darasa la pili. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati kama maharage gunia moja. Alimsimamisha mtoto mmoja, naye mtoto akasoma ukurasa mzima wa kitabu, kidole kinatembea chini ya maneno, sauti nzuri, bila kukwama. Mwalimu Winifred alifurahi, akafunua ukurasa mwingine ili mtoto aendelee. Mtoto akaendelea: akausoma ukurasa ule ule wa kwanza, kidole kikitembea juu ya maneno mengine kabisa. Mwalimu akafunga kitabu. Akachomoa kiberiti mfukoni. "Na hapa pameandikwaje?" Mtoto alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni asiyejua mambo ya nyumbani. "Mwalimu, hiyo hatujafundishwa."

Alizunguka darasa zima na kiberiti chake. Waliokuwa wanajua kusoma kweli walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walikuwa wamekariri, na hakuna aliyewadanganya kwa kusudi, ndivyo ilivyozoeleka. Mkaguzi akija, watoto wanaimba ukurasa, mkaguzi anaandika "Vizuri", wazazi wanapiga makofi. Jioni ile alimwambia Cassien, "Hii shule ni lori lako lile. Kona zote wanazo kichwani. Ikifunguliwa barabara mpya, wote watatumbukia bondeni."

Sababu aliiona haraka. Walimu wapya na wachovu walipewa darasa la kwanza, tena kila mmoja makundi mawili kwa zamu, watoto wa asubuhi na watoto wa mchana. Mwalimu bora, Mwalimu Léonce, aliyejulikana hadi Kagugu, aliwekwa darasa la mtihani, kwa sababu huko ndiko heshima ya shule iliko. Kabla mwezi haujaisha, Winifred alimtoa Léonce darasa la mtihani akampeleka darasa la kwanza. Darasa la mtihani akalichukua yeye mwenyewe.

Jamani! Katika desturi yetu ya ualimu, kupelekwa darasa la kwanza ni adhabu. Léonce alisimama ofisini kwa mwalimu mkuu, koti limefungwa vifungo vyote. "Madamu Direktrisi, nimekosa nini? Nimelewa kazini? Nimepiga mtoto?" Akajibiwa, "Hujakosa kitu. Ndiyo maana nakupeleka." Alikwenda, lakini alinuna. Muhula mzima alimsalimia mwalimu mkuu kwa kutikisa kichwa tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Oktoba vita vikaanza, na shule ikaenda kwa kusitasita pamoja na nchi. Septemba 1991 matokeo ya mtihani yakatoka. Miaka yote Rwamusizi ilipeleka mtoto mmoja au wawili sekondari. Mwaka ule haikupeleka hata mmoja.

Mkutano wa wazazi uliofuata hautasahaulika Gatsata. Mama Swafiya, fundi cherehani ambaye wengi mnavaa kazi ya mikono yake leo hii, alikuwa na mwanawe Usumani katika darasa lile. Alisimama, kitenge kiunoni. "Mwalimu, umetuulia watoto. Ulikuwa na mwalimu mmoja anayefaa, umemtupa kwa wadogo wanaochezea chaki! Mtoto wangu sasa iko nyumbani, afanye nini?" Wazazi wakapiga kelele, wengine wakataka aondolewe siku hiyo hiyo. Mwalimu Winifred alisimama akaanza na mabaya, kama kawaida yake. Alisema matokeo ni ya aibu na ni yake. Alisema yeye si Léonce na hawezi kulifundisha darasa la mtihani kama Léonce. Kisha akamwita Usumani, akampa kiberiti asome. Usumani alikisoma kwa shida, herufi kwa herufi, kijana mzima wa darasa la mtihani, na wazazi waliosimama wakaketi. "Huyu," Mwalimu akasema, "alipotelea darasa la kwanza. Mimi nimekuta alama za miguu tu. Nipeni mpaka mkaguzi aje. Akisema watoto hawajui, nitafunga virago mwenyewe, msinisukume."

Wakampa muda huo. Usumani alirudia darasa, na kila mchana alibaki na mwalimu mkuu ofisini.

Hapo ikaanza ile kazi ambayo watoto mnaijua. Kila mtoto alitakiwa kuja na kitu chenye maandishi kutoka nyumbani: karatasi ya sabuni, pakiti ya chumvi, kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi Nyabugogo. Watoto wa zamu ya asubuhi walibaki saa moja kuwasomea wa zamu ya mchana chini ya upenu, kisha wakabadilishana. Kitu kilichosomwa mara mbili kilitupwa, maana kingekaririwa. Wiki moja Mama Swafiya alipita na furushi, akaliweka mezani kwa Léonce. Alikuwa ameshona herufi zote kwa vipande vya vitenge, kubwa kama viganja. Léonce alizitundika kwenye kamba. Siku hiyo, walimu wanasema, alifungua vifungo vya koti.

Mkaguzi alifika Mei 1992, mtu mkali na mwenye macho. Aliingia darasa la pili, lenye watoto walioanzishwa na Léonce. Akachagua mtoto wa nyuma kabisa, Iradukunda, akampa kitabu, naye akasoma. Mkaguzi akatikisa kichwa: "Direktrisi, hii nimeisikia shule zote. Ni kukariri." Mwalimu Winifred hakujitetea. Alimwomba mkaguzi achague mwenyewe kitu ambacho hakijawahi kuingia shuleni. Mkaguzi alikuwa amenunua karanga stendi ya Nyabugogo, zimefungwa katika kipande cha gazeti la Tanzania. Akamwaga karanga mfukoni, akampa Iradukunda karatasi.

Kiswahili! Watoto wa Rwamusizi hawafundishwi Kiswahili hata neno. Wanakisikia gereji na sokoni tu. Mwalimu Winifred alisema baadaye kwamba alianza kufikiria virago vyake. Iradukunda aliigeuza karatasi, akaifuta chumvi kwa kiganja, akaanza. Alivuta neno la kwanza, akalipata. La pili likaja upesi zaidi. Alisoma kwa lafudhi ya kwao habari ya baiskeli zilizokuwa zikipotea ovyo Shinyanga, na wananchi waliokuwa wakiomba mlinzi wa soko. Alisoma mpaka gazeti lilipochanika katikati ya sentensi, akasimama. "Mwisho wake haupo," akasema, amekasirika kweli, kwa sababu alitaka kujua kama baiskeli zilipatikana. Mkaguzi, ambaye Kiswahili alikijua, alicheka mpaka karanga zikamwagika. Léonce alitoka nje. Waliomfuata walimkuta ameegemea ukuta anafuta macho, akadai ni vumbi la chaki.

Taarifa ya mkaguzi ilisomwa kwa wazazi, mabaya kwanza. Hesabu za darasa la tatu na la nne ni dhaifu. Wasichana wanaacha shule wakifika darasa la nne, kwa sababu ya maji na wadogo wa kulea. Vyoo havitoshi. Watoto ni wengi mno kwa chumba kimoja. Wazazi walidhani amemaliza wakaanza kuinuka. Swafiya ndiye aliyepaza sauti: "Kaeni chini, huyu mwalimu mazuri anayaficha mwisho!" Ndipo Mwalimu akasoma kwamba watoto wa darasa la pili wa Rwamusizi wanasoma kwelikweli. Septemba ile watoto watano walikwenda sekondari, na Usumani ni mmojawao. Februari mwaka huu, familia zilizokimbia vita ziliposhuka kutoka kaskazini, Mwalimu aliwapokea watoto wao bila kuuliza sana, akawakalisha karibu na wenzao wa kuwasomea. Hakupenda mtoto asimamishwe darasani kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa kusoma.

Ugonjwa ulianza na maumivu ya tumbo Desemba 1992. Alidai ni maharage, na Cassien akamwambia, "Leo umekubali!" Machi madaktari walimweleza wazi kwamba ni saratani na imesambaa. Aliwashukuru kwa kuanza na mabaya, akauliza kama kuna mazuri. Wakamwambia ataweza kukaa nyumbani. Kuanzia Juni, watoto wa darasa la Iradukunda, ambao sasa walikuwa darasa la tatu, walikuja wawili wawili kumsomea kitandani. Walisoma magazeti, maelezo ya dawa zake, hata kitabu cha nyimbo alichotoka nacho Kamachumu. Cassien alilalamika kwa mdomo tu: "Hii nyumba iko hospitali ao iko shule?" Yeye ndiye aliyewapikia chai.

Jumatano ya wiki iliyopita redio ilitangaza kwamba mkataba wa amani umetiwa sahihi Arusha. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mdogo wake, aliyekuwa amefika siku hiyo kutoka Bukoba, "Haya. Sasa watakaa darasani mwaka mzima bila kukatizwa. Mwambie Léonce asitoke darasa la kwanza hata wakimpa ukuu wa shule." Léonce alipoambiwa alisema hatoki hata wakimvuta kwa lori. Jumanne tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, Mwalimu Winifred alifariki kitandani kwake, mkono ukiwa katika mkono wa Cassien. Inatuuma. Hatuna maneno ya kupamba hapo.

Ameacha mume, Cassien Hakizimana, anayesoma gazeti kila siku kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ameacha watoto watatu, Annah, Ngabo na Béatha, wajukuu wanne, mdogo wake Rutayisire na ndugu wengine watatu. Ameacha Mwalimu Léonce na walimu wenzake. Ameacha shule ambayo hesabu zake bado ni dhaifu, vyoo vyake havitoshi na wasichana wake bado wanapotea darasa la nne, na angechukia sana tukitoka hapa tukisema kazi imekwisha.

Jambo la mwisho. Mwalimu aliandika mwenyewe aya inayofuata, akaagiza isisomwe na Rutayisire. "Utalia, utaharibu," alisema, na kama mnavyoona hakukosea. Aliagiza isomwe na mtoto yeyote wa darasa la tatu la mwaka wa shule uliokwisha, asioneshwe kabla, wala asichaguliwe na mwalimu. Achaguliwe na Mama Swafiya. Iliandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hakifundishwi pale shuleni. Mama Swafiya, simama tafadhali. Mshike mtoto mmoja mkono, umlete hapa.

*(Inasomwa na mtoto.)*

Mimi ni mtoto wa Rwamusizi. Karatasi hii sijawahi kuiona. Hakuna aliyenifundisha maneno haya, na kama nimekwama mahali, nisubirini, nitafika. Mama Swafiya, ulimwambia Mwalimu amewaua watoto. Huyu aliyesimama mbele yako ni mmoja wao, msikilize. Mwalimu anasema: Léonce, asante, na koti hilo lina joto, livue. Cassien, leo kula kwa jirani. Wazazi, Septemba mtuletee watoto wote, wasichana kwanza. Sasa nimefika mwisho wa karatasi, na safari hii haikuchanika. Lala salama, Mwalimu. Tunasoma wenyewe.